Mgonjwa wa kiharusi akishapewa ruhusa, nani anamsimamia?

Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Dar na wagonjwa wangu wengi nawafuata makwao, Mbagala, Tandika, Yombo, Kigamboni, huko ndani ndani ambako bajaji inakuacha barabarani halafu unamalizia kwa miguu kwenye mchanga. Wengi wao wamepata kiharusi. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo naliandika: hawa watu tunawapoteza baada ya kutoka hospitali. Wodini mtu kaokolewa, kalazwa, kawekewa mpira, presha imeshushwa, ndugu wamelia wamefurahi, halafu anarudi nyumbani na hapo hamna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kujua huyu mgonjwa anaendeleaje.

Siku ya ruhusa yenyewe ndo ilivyo. Asubuhi daktari anapita raundi anasema mzee anaweza kwenda nyumbani. Kuanzia hapo ndugu wanahangaika na bili, mwingine kaenda kutafuta gari, mwingine yuko dirisha la dawa, na nesi ana wagonjwa wengine kibao, kwa hiyo maelezo yote ya namna ya kuishi na mtu aliyepooza upande mmoja yanatolewa kwa haraka pale kitandani, kwa yule ndugu aliyekuwepo muda huo, ambaye mara nyingi siyo yule atakayelala na mgonjwa. Wanapewa mfuko wa dawa, karatasi imeandikwa kiingereza cha kidaktari na vifupisho, na tarehe ya kliniki. Basi. Mimi nikifika nyumbani wiki mbili baadaye naomba ile karatasi, naambiwa iko kwa shemeji, na shemeji yuko Morogoro.

Nianze na dawa maana hapo ndo watu wanakufa. Sisi tumezoea dozi ya malaria, unakunywa inaisha umepona. Sasa mtu kapewa dawa za presha za mwezi mmoja, zikiisha anasema dozi imeisha, na kwa kweli anajisikia vizuri tu kwa sababu presha haiumi. Kuna mama mmoja fundi cherehani, kiharusi cha kwanza kilimgusa kidogo, mkono ulikuwa mzito na mdomo umeenda upande, akafanya mazoezi kwa bidii mpaka akarudi kwenye cherehani yake kabisa. Dawa zikaisha. Hakuna aliyemwambia hizi ni za maisha, au aliambiwa siku ile ya vurugu za ruhusa ikapita. Kiharusi cha pili kikamchukua upande mwingine pamoja na maneno, sasa hivi anasema neno moja tu, "eeh", kwa kila kitu. Wamarekani wanahesabu kwamba karibu kiharusi kimoja kati ya vinne kwao kinampata mtu aliyewahi kukipata kabla. Sisi hatuhesabu hivo lakini mnaoishi na wagonjwa hawa mnajua.

Halafu kuna dawa ile ile kwa majina mawili. Hospitali walimpa mzee mmoja amlodipine, dawa ya presha, kwenye boksi la kampuni moja, zikaisha, duka la dawa mtaani wakampa ya kampuni nyingine yenye jina kubwa la kibiashara, baadaye mtoto akatoka safari na mabaki ya boksi la kwanza, mzee anakunywa zote akijua ni dawa tofauti. Kila akisimama kizunguzungu, miguu imevimba, familia inasema kiharusi kinarudi. Na aspirini, jamani, aspirini. Kiharusi kiko cha aina mbili, kuna cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavujia kwenye ubongo, na kwa macho huwezi kuvitofautisha, ndo maana wanapiga CT scan, ile picha ya ndani ya ubongo. Aspirini inamfaa yule wa kuziba. Yule wa kuvuja anaweza kudhurika nayo, asipewe mpaka daktari wake mwenyewe aseme. Sasa mtaani jirani aliyepata kiharusi mwaka juzi anamgawia mwenzake aspirini zake kwa moyo mwema kabisa, "mimi zilinisaidia".

Mengine ntayapitia haraka. Chakula: mtu anapaliwa kwa sababu koo nalo limelegea, anapewa maji au uji mwepesi akiwa amelala, vinaingia kwenye mapafu, wiki inayofuata ni nimonia. Mkalishe wima kabisa, uji uwe mzito, kidogo kidogo, na akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Bega: mnamnyanyua kwa kuvuta mkono uliopooza, bega linashuka, maumivu yanaanza na hataki tena mazoezi. Mshikeni kiunoni. Vidonda vya kulalia: ageuzwe kila masaa mawili, usiku pia, na mkague makalio, visigino na nyonga kila siku mnapomuogesha, ngozi ikibadilika rangi na isirudi, msiendelee kumlaza upande huo. Choo chetu cha kuchuchumaa hawezi, chukueni kiti cha plastiki mtoboe katikati, ndoo chini, fundi wa mtaani anawafanyia. Na kama kuna uwanja, safu mbili za nguzo za miti zenye fito juu, sawa na urefu wa kiuno, mgonjwa anashika anatembea katikati. Nimewaona watu wamesimama tena kwa hizo fito.

Ukiangalia hapo hakuna hata kimoja kigumu. Nesi anajua kipande chake, daktari wa presha anajua chake, mimi najua mazoezi, mke anajua mume wake anavyolala, duka la dawa wanajua dawa. Tatizo ni kwamba hamna mtu aliyeshika vipande vyote. Nchi zilizojipanga wana mtu wa kazi hiyo kabisa, anapewa orodha ya wagonjwa wake, anawajua kwa majina, anapiga simu siku chache baada ya ruhusa, anaangalia dawa zimebaki ngapi, anapanga kliniki na mazoezi visigongane, anamuuliza mke umelala jana, na kitu kikiharibika anajua mlango wa kugonga. Mimi nawaambia familia zangu huyo ni msimamizi wa mgonjwa. Wanaelewa mara moja.

Na msije mkasema haya ni mambo ya ulaya. Mbona kwa kifua kikuu tunafanya! Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uko tangu 1977, na dunia ilikuja kujifunza kwetu, daktari mmoja wa kifua kikuu, Karel Styblo, alijenga hapa hapa Tanzania ule utaratibu wa kufuatilia kila mgonjwa kwa rejista mpaka amalize dawa, Shirika la Afya Duniani (WHO) wakauchukua wakausambaza. Mgonjwa wa TB ana mtu anayemuona akimeza dawa, ana kadi, jina lake liko kwenye rejista, asipotokea anatafutwa. Kwenye ukimwi hivo hivo, kuna WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi wenyewe wanaowashauri wenzao, na wahudumu wa majumbani, mtu akikosa kliniki kuna anayeuliza yuko wapi. Mgonjwa wa kiharusi akikosa kliniki hakuna anayejua kama kafa au kahamia Tanga. Yaani ujuzi wa kusimamia tunao, ila hatujaupeleka kwenye magonjwa haya ya presha na kisukari.

Na siyo kwamba ni wachache. Kuna utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar, ulikuta, ukishasawazisha tofauti za umri, kama watu 109 kwa kila laki moja kwa mwaka wanapata kiharusi Hai, na hapa Dar 316. Mara tatu karibu. Hiyo ni karibu miaka ishirini iliyopita, kabla ya chips na soda kuwa chakula cha kila siku namna hii.

Nitasema pia lisilofurahisha, kwa sababu sitaki mtu adhani ukimteua dada yako kuwa msimamizi basi mzee anapona. India walijaribu, hospitali 14, wagonjwa 1,250, utafiti unaitwa ATTEND ukatoka 2017. Walifundisha ndugu kufanya mazoezi na mgonjwa nyumbani, wakalinganisha na wagonjwa waliopata huduma ya kawaida, baada ya miezi 6 hakukuwa na tofauti kwenye vifo wala utegemezi. Nilipousoma nilikaa nao siku nzima. North Carolina huko Marekani nao wakaweka utaratibu kwenye hospitali 40, mgonjwa apigiwe simu ndani ya siku 2, aonwe kliniki ndani ya wiki 2 na apewe mpango wake wa huduma ulioandikwa, na kwa jumla matokeo hayakuwa bora kuliko kawaida, ila ukichungulia ndani unakuta kama mtu mmoja tu kati ya watatu ndo aliyeupata mpango wenyewe. Upande wa pili, huko Ulaya ambako mgonjwa anarudi nyumbani mapema lakini anafuatwa na timu, nesi, mtu wa mazoezi, mtu wa matamshi, timu inayokaa pamoja na kuzungumza, huko wagonjwa wengi zaidi wanaishia kujitegemea. Mimi ninavyosoma hivyo vitu vitatu kwa pamoja ni kwamba kumbebesha ndugu mafunzo ukamwacha haitoshi, na kuandika utaratibu mzuri ambao hauwafikii watu haitoshi, msimamizi lazima awe na wataalamu nyuma yake wanaopokea simu yake. Mtu wa katikati bila watu wa pembeni anachoka tu.

Sasa familia zetu. Siku ya kwanza kunakuwa na grupu la WhatsApp, "Matibabu ya Baba", watu arobaini humo, michango inaingia, picha za mzee kitandani, Mungu amponye, amina amina. Mwezi wa tatu grupu ni salamu za ijumaa na video za kutumiana. Na aliyebaki na mzee ni mke wake mwenyewe presha inamsumbua, au binti ambaye hajaolewa, au mkamwana. Hapa nina msimamo na nimegombana na watu kwa ajili yake: anayelala na mgonjwa asiwe ndo msimamizi. Huyo ana kazi ya mwili, kugeuza, kuogesha, kulisha, kufua, usiku halali. Ukimwongezea kukumbuka tarehe ya kliniki, kutafuta hela ya dawa, kumpigia kaka mkubwa ambaye hapokei simu, unamuua. Msimamizi awe mwingine, hata kama anaishi Arusha, mradi ana simu, ana daftari, na ndugu wamekubaliana mbele ya mzee kwamba neno lake kuhusu matibabu linasikilizwa. Hilo la mwisho ndo gumu kwetu. Kuna nyumba msimamizi ni mtoto wa kike mdogo, makini kabisa, lakini hela iko kwa kaka mkubwa, na kaka kasikia kuna mtu Bagamoyo anachua kiharusi kinatoka, basi hela ya mazoezi ya mwezi imeenda Bagamoyo. Mara nyingi nimekaa kwenye mkeka na hao makaka. Nawaamkia vizuri, "kaka shikamoo, nimekuja kukuona wewe", namweleza taratibu, na nimejifunza kutomtukana mchuaji wala shehe wala mchungaji. Watu wa Dar wengi bado wanaamini kiharusi ni jini au upepo mbaya. Nawaambia someni dua, ombeni, mzee anapata amani akisomewa, ila dawa za presha asiache hata siku moja na bega lisivutwe. Tukikubaliana hayo mawili mimi naondoka na amani.

Daftari sasa. Daftari la shule tu, la kurasa nyingi. Ukurasa wa kwanza jina, umri, aina ya kiharusi (muulizeni daktari kabla hamjatoka, ni cha kuziba au cha kuvuja, aandike), magonjwa mengine, namba za simu: wodi, kliniki, mtu wa mazoezi, msimamizi, bajaji anayemjua. Ukurasa wa pili dawa, jina la dawa yenyewe (kama amlodipine) siyo lile la kibiashara la kwenye boksi, kidonge kimoja ni miligramu ngapi, anakunywa saa ngapi, na tarehe ambayo zitaisha. Mimi huwa naizungushia hiyo tarehe kalamu nyekundu, na wiki moja kabla yake naandika NUNUA. Halafu kurasa zote zinazofuata ni presha, asubuhi na jioni, pamoja na maneno mawili matatu ya siku hiyo, "amekula", "amepaliwa", "amelia", "amesimama akishika fito". Mashine ya presha ya mkono mkichangishana kwenye lile grupu inapatikana, na ni mchango bora kuliko maboksi ya juisi. Lengo la presha daktari wenu ndo anapanga, wengi wanataka angalau iwe chini ya 140/90 na wengine wanataka 130/80 kushuka chini, ila daktari hawezi kupanga kitu kama unamletea presha moja tu ya siku ya kliniki, mgonjwa katoka Chanika saa kumi usiku, hajala, kabanwa kwenye gari.

Kuna mzee aliyekuwa dereva wa malori, daftari lake ndo liliwaonyesha kwamba presha inapanda kila wikiendi. Ikabidi tuulize wikiendi kuna nini. Kumbe mama anaenda kwenye mambo yake ya kanisa, na mjukuu anayebaki naye anaogopa kumpa dawa maana babu anakataa, anafunga mdomo. Hakuna daktari duniani angeligundua hilo kwenye chumba chake. Tulifanya nini? Msimamizi, ambaye ni binti yake wa pili, alianza kupiga simu ya video jumamosi na jumapili asubuhi, "baba shikamoo, nioneshe dawa", mzee anacheka upande mmoja wa mdomo anameza.

Na lile la kulia. Watu hawalisemi kabisa. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi wanaingia kwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wengine ubongo wenyewe umeumia sehemu ya hisia, analia au anacheka bila sababu na hawezi kujizuia. Familia inasema baba kawa mtoto, au anadeka, au hataki mazoezi mvivu. Jamani huyu alikuwa mtu wa kuamrisha nyumba nzima, leo anavalishwa pampasi na mkwewe. Msimamizi aandike kwenye daftari na alipeleke kliniki hilo nalo, kuna dawa na kuna ushauri, na likitibiwa ndo utaona mazoezi yanaenda. Miezi mitatu ya mwanzo ndo mwili unarudisha vitu kwa kasi, ukiipoteza kwa sonona isiyotibiwa inauma sana, ingawa baada ya hapo pia watu wanaendelea kupata nafuu, msimkatie mtu tamaa kwa sababu mwaka umepita.

Kwa wenzangu wa hospitali, nawaheshimu, nimefanya kazi wodini najua mzigo ulivyo. Naomba kitu kimoja: kwenye fomu ya ruhusa ya mgonjwa wa kiharusi kuwe na mstari wa jina la msimamizi na namba yake, na mtu mmoja pale kitengoni apige hiyo namba ndani ya wiki ya kwanza. Simu moja tu ya kuanzia. Maswali manne, dawa zipo, anapaliwa, ana kidonda, kliniki mnakuja na nini. Ofisi ya ustawi wa jamii pia waitwe mapema, siyo siku bili imeshindikana, kwa sababu wao ndo wanajua njia ya msamaha wa gharama za matibabu, na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo sera inasema atibiwe bure lakini asipokuwa na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho anazungushwa. Na mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya watu 137,000 wanatakiwa kuwa mitaani na vijijini ndani ya miaka mitano. Hawa wapeni orodha ya wagonjwa wa kiharusi wa mtaa wao pamoja na mashine ya presha. Wanapita nyumba kwa nyumba tayari.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wasio na watu. Nimeeleza familia, grupu, binti wa pili, kaka mkubwa, lakini Dar imejaa wapangaji wa chumba kimoja waliokuja kutafuta maisha na ndugu wote wako mkoani. Hivi sasa nina kaka mmoja wa aina hiyo, miaka arobaini na kitu, alikuwa anauza mitumba, na aliyenipigia simu ni mama mwenye nyumba. Tulikaa kikao, mama mwenye nyumba, mjumbe, na kijana wa bodaboda anayepanga chumba cha pili. Mama anampikia pamoja na wanawe na kaka anachangia anapoweza, kijana anampeleka kliniki na mafuta tunachanga, mjumbe kafuatilia barua ya serikali ya mtaa kwa ajili ya msamaha. Msimamizi imebidi niwe mimi kwa sasa, daftari ninalo, na siwezi kuwa msimamizi wa kila mpangaji wa Temeke. Kama unaishi huku kwetu na ni muuguzi mstaafu, au mhudumu wa afya wa mtaa, au una muda na simu na roho ya kufuatilia, niandikie, nitakufundisha nilivyofundishwa na nitakukabidhi mgonjwa mmoja tu wa kuanzia.